Mjadala: Bahati nasibu ya kwenye tableti ili kununua madawati, tuikubali?

Mleta mada, Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, habari za jioni. Kwenye kikao cha wazazi huku mtaani limeletwa wazo: tuache kuzunguka na daftari la michango, tuombe kibali cha bahati nasibu ya hisani, tena ya kielektroniki. Tableti ziwekwe baa na kwenye vibanda vya chipsi, mtu alipie kwa simu, aguse kioo, ashinde au akose. Faida inunue madawati. Nilipopinga, nikaambiwa sina uchungu na watoto wanaokaa chini.

Uchungu ninao. Na sheria tunayo: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi inayotoa leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini piteni jioni kwenye maduka ya mitaani kwetu mtazame ni nani anayetumbukiza sarafu ya mia mbili kwenye dubwi, ile mashine ya kamari. Wengine bado wana sare za shule.

Wenzetu wa jimbo la Minnesota, Marekani, wameshaipita njia hii. Huko vyama vya wanajeshi wastaafu na vilabu vya michezo ya watoto vimechangisha miaka mingi kwa vikaratasi vya kubandua: unanunua baa, unabandua, unatazama alama. Mwaka 2012 jimbo likaruhusu vichezwe kwenye tableti, ili kodi yake isaidie kulipa sehemu ya serikali, dola milioni 348, katika uwanja mpya wa timu ya Minnesota Vikings. Mwanzoni pesa haikuonekana, mwaka uliofuata wabunge wakageukia kodi ya sigara na ya makampuni. Baadaye ikamiminika, na hapo ndipo ugomvi ulipokolea.

Kisheria mchezo ule haukuwa dubwi, kwa sababu kila seti ina tiketi zenye idadi maalumu, na za ushindi zimeshapangwa tangu mwanzo. Ila kwenye kioo mchezaji aliweza kufunua vidirisha vyote vya tiketi yake kwa mguso mmoja, na picha zinazunguka. Makabila ya wenyeji wa asili, yenye kasino zao, yakalalamika kwamba hiyo ni mashine ya kasino kwa jina lingine. Mwaka 2023 wabunge wakaupiga marufuku ule mguso mmoja, kuanzia 2025. Zaidi ya miaka kumi kwa ajili ya kitufe! Maana kila klabu ilikuwa imeshazoea ile pesa.

Kwa hiyo nasema: kibali kisiangalie tu pesa inakwenda wapi. Kiangalie mashine yenyewe inachezwaje.

Mama wa Makorora

Shikamoo kaka. Umesahau kipande kimoja: deni la uwanja huo lililipwa lote mwaka 2023, kabla ya wakati. Pesa ilipatikana. Sisi kila harambee wanaotoa ni walewale watano. Vijana wa bodaboda wanaweka mikeka ya kubashiri mechi kila siku na hela inaishia kwa makampuni. Wakicheza hivyohivyo na darasa likapata dawati, kuna ubaya gani?

Mzee wa Chumbageni

Wanangu, mnabishania kitufe? Kamari ni haramu, iwe ya karatasi au ya kioo. Mjukuu wangu akalie dawati lililonunuliwa kwa hela ya mtoto wa mwenzake aliyelala na njaa? Shule ni ya serikali, tuidai serikali.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Imani yako naiheshimu, na hilo la kuidai serikali nitalipeleka kikaoni.

Marahaba dada. Ni kweli deni limelipwa, ilinipasa niliseme. Lakini nina binamu mvuvi pale Sahare. Tiketi ya karatasi ya shilingi elfu moja angenunua moja, droo ingechezeshwa mbele ya watu, mkewe akijua. Dubwi amelichezea mgawo wa usiku mzima wa bahari kabla chai haijapoa, peke yake, na hakuna aliyemwona. Hao vijana wa bodaboda hawataacha mikeka. Wataongeza na hii, tena bila aibu kwa kuwa ni sadaka.

Mkiandika ombi, wekeni kikomo cha pesa kwa siku kwa kila namba ya simu, tiketi ifunuliwe moja moja, pasiwe na mlio wala picha za kuzunguka, na hesabu zibandikwe ukutani shuleni kila mwezi. Hapo nitakaa tuzungumze.

Mama wa Makorora

Kikomo na hesabu nakubali. Lakini kaka, ukiondoa mlio na picha, nani atacheza?

Mleta mada

Dada, hilo ndilo swali nililouliza kikaoni, na sijajibiwa mpaka leo.