Semina za idara ya kompyuta: ulifuata sambusa, ukarudi na nini? Tupeane uzoefu

Mwana wa Kibokoni

Salaam ndugu zangu. Jana nilikuwa napanga vitu vyangu vya chuo nikakuta daftari la mwaka wa pili. Ukurasa mmoja una mstari mmoja tu: "mpira wa maua = kebo". Pembeni yake doa la mafuta ya sambusa, kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Nilipoliona doa lile, siku nzima ikanirudia.

Aliyesoma kompyuta hapa Mombasa anaijua semina ya idara. Karatasi inabandikwa mlangoni mwa maabara, mada ni ya Kiingereza kirefu kisichopumua, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, lile neno linalojaza ukumbi: vitafunio. Sikuwa nafuata elimu, nisiwadanganye. Bando nilikuwa sina, pesa ya chakula cha mchana nilikuwa sina, na ukumbi ule ulikuwa na feni tatu zinazofanya kazi.

Msemaji siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, mtu wa kimya ambaye tulidhani hata sauti hana. Akaingia na kipande cha mpira wa kumwagilia maua, urefu wa mkono, akakizungusha kwenye viti tukishike. Akasema kebo inayotuletea intaneti, kule kwenye kina kirefu cha bahari, unene wake ni kama huo, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Halafu akageuka ubaoni akaanza hesabu. Kabla ya 2009 tulikuwa tunategemea satelaiti, iliyoko kama kilomita 36,000 juu. Swali lako lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: kilomita 144,000 kabla hujaona herufi moja. Karibu nusu sekunde, na hapo bado hujapanga foleni na wenzako. Mwaka 2009 zikafika kebo za baharini za SEACOM na TEAMS. TEAMS inatoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, kama kilomita 5,000, na mwanga ndani ya kioo unakata kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi sekunde 0.05. Akaipigia mstari mara mbili.

Mtu akauliza, "Na papa akiing'ata?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema papa si shida yetu, shida yetu ni nanga. Februari 2012 meli moja ilishusha nanga mahali palipokatazwa, nje ya bandari hii hii yetu, ikaikata TEAMS, na intaneti ya nchi kadhaa ikazorota.

Mimi nimejifunza kuogelea chini ya Fort Jesus. Maji yale nayajua kwa harufu. Na sikuwa nimewahi kufikiria kwamba barua pepe zangu zinapita chini yake. Leo kazi yangu ni kuunganisha fiba, zile nyuzi za kioo, majumbani, na lile suala la nanga ndilo lililonitia kwenye kazi hii. Sambusa nilikula nne.

Haya, na wewe?

Maji Mafu

Umenichekesha na hilo doa. Yangu ni ya aibu, lakini miaka imepita, acha niitoe.

Hakathoni (mashindano ya kuandika programu kwa siku chache) ya mwaka wangu wa tatu, mada ilikuwa bahari. Tulikuwa wanne. Tukatengeneza programu ya kuonyesha maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, ili mvuvi asihangaike tena kutazama mwezi. (Kiburi cha ujana hicho.) Takwimu tukazivuta kutoka intaneti, mawimbi ya buluu yakawa yanacheza kwenye skrini, tukajiona tumemaliza.

Idara ilikuwa imemwalika mzee mmoja mvuvi awe miongoni mwa waamuzi. Kikoi, kofia ya vito, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwekea laptopu mbele: "Mzee, asubuhi ya leo maji yamejaa 04:12."

Akainamia skrini. "Yaani saa kumi alfajiri na dakika kumi na mbili?"

"Naam, mzee."

"Mwanangu, saa kumi mimi nilikuwa mwambani. Maji yalikuwa nusu, ndiyo kwanza yanapanda. Yamejaa saa moja na kitu. Leo siku ya nne tangu bamvua, yatajaaje saa kumi?" (Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu; maji mafu ni yale madogo ya katikati.)

Kimya. Mwenzangu akafungua programu kwa ndani, vidole vinamtetemeka. Kumbe zile takwimu zinakuja kwa UTC, zile saa za kipimo cha dunia nzima, na sisi Kenya tuko mbele kwa saa 3. 04:12 yao ni 07:12 yetu, saa moja na dakika kumi na mbili, vile vile alivyosema mzee bila kugusa kitufe. Na mambo yalikuwa bado. Mmoja wetu alikuwa ameshaona usiku kwamba saa haziendi sawa, akadhani ni ile tofauti ya saa za Kiswahili na za Kizungu, akajumlisha 6 kwenye ukurasa wa kesho bila kutuambia. Kwa hiyo leo tulikuwa nyuma kwa saa tatu na kesho tulikuwa mbele kwa saa tatu. Mzee alipobonyeza "kesho" akanitazama kwa huruma, kama anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

Akatupa darasa papo hapo. Kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Ukishajua bamvua ilikuwa lini, unahesabu kwa vidole. Dakika tano kamaliza, na sisi tulikuwa tumekesha siku mbili.

Hatukushinda, bila shaka. Ila tangu siku hiyo saa zote nazihifadhi kwa UTC na kuzigeuza mwisho kabisa, pale macho ya mtu yanapofika, na naandika "asubuhi" au "usiku" kwa neno zima. Na jina langu hapa sasa mmeshajua limetoka wapi.

Kiti cha Nyuma

Mimi ni fupi. Alikuja msemaji wa kampuni moja, jina nalihifadhi. Mada: mustakabali wa wingu, yaani kuhifadhi vitu vyako kwenye kompyuta za mbali. Saa nzima anatuuzia huduma yake, sisi ambao nauli ya matatu tulikuwa tunakopa. Mwisho akagawa kalamu. Yangu haikuandika.

Binti wa Majengo

Kaka Maji Mafu umesema mmekesha siku mbili, na hapo ndipo ninapoingia mimi.

Hakathoni za idara yetu zote zilikuwa za kulala chuoni. Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Mimi alama zangu zilikuwa juu ya nusu ya wale wavulana, lakini kabla ya adhana ya magharibi natakiwa niwe nyumbani. Baba si mkali, wala hakunikatalia kwa maneno makali. Aliweka gazeti chini akauliza, "Kwani hiyo kompyuta mchana haiwaki?"

Nililia. Halafu, kitandani, nikaanza kulifikiria lile swali kwa uzito wake. Kwani mchana haiwaki? Nani aliamua kwamba programu lazima iandikwe saa tisa za usiku na macho mekundu?

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye kikao cha kamati ya wanafunzi nikauliza hivyo hivyo, maneno ya baba bila kubadilisha. Walicheka. Mwenyekiti akasema kukesha ndiyo utamu wenyewe. Nikamwambia sawa, lakini orodha yenu ya mwisho ilikuwa na wasichana wawili na mmoja hakutokea. Dada mmoja wa mwaka wa nne, ambaye sikuwa nimewahi kuongea naye, akasema nyuma yangu: "Na huyo aliyetokea alikuwa mimi, na niliwaongopea nyumbani." Hapo cheko likaisha.

Wakajaribu Jumamosi mbili, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Wasichana tulijaza meza tatu. Na si wasichana peke yao, walikuja pia wale wanaofanya kazi usiku na wale wa ng'ambo ya Likoni ambao kurudi usiku kwao ni mtihani.

Mama naye alikuwa na yake. Kila nikisema naandika kodi, yaani "code" ya programu, ananiuliza, "Mwenye nyumba kaongeza tena?" Mpaka leo namtumia pesa ananijibu: hii ni ile kodi ya kulipwa au ile ya kuandikwa?

Kiti cha Nyuma

😂😂 Mama yako apewe nafasi ya kufungua semina.

Maji Mafu

Dada, nimesoma mara mbili. Kusema kweli kundi letu halikuwa na msichana hata mmoja na hatukujiuliza. Na saa tisa za usiku ndipo yule mwenzetu alipojumlisha ile 6 yake.

Dawati la Mbele

Hamjambo wanangu. Mimi nilikuwa upande wa pili, mwenye kubandika ile karatasi mlangoni, na vitafunio nilikuwa nanunua mwenyewe mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Niwape makosa yangu kwanza. Muhula mmoja niliweka semina Ijumaa saa saba mchana. Hapa Mombasa! Msemaji katoka Nairobi kwa treni, ukumbini tuko tisa, na wengine wote wako msikitini. Hakuna aliyenionya, kila mtu alidhani nimefanya makusudi. Nikahamishia Jumatano saa nane. Kosa la pili, Februari, kaskazi imekaza, nikafunga madirisha ili projekta ionekane. Nusu saa baadaye projekta ikazimika yenyewe kwa joto na watu karibu wazimike nayo.

Lakini ipo siku moja sitaisahau. Nilimwalika mtu wa kazi, anayetengeneza menyu za USSD, zile za kubonyeza nyota na namba kwenye simu ya kawaida. Hakuleta slaidi. Akaandika ubaoni 182, akasema: hizo ndizo herufi mlizo nazo kwa skrini moja, nafasi na nukta zikiwemo. Sasa nitafsirieni menyu hii kwa Kiswahili.

Mnajua Kiswahili kinapenda kutandaza. Kundi la kwanza lilianza na "Tafadhali chagua huduma unayoihitaji" na kabla ya kufika chaguo la nne wameshajaa. Wakaanza kupunguza. "Huduma unayoihitaji" ikaondoka. Ikabaki "Tafadhali chagua". Kijana mmoja akasema tafadhali ni herufi 9, ifutwe, "Chagua" inatosha, herufi 6.

Binti mmoja kasimama. Akasema bibi yake hawezi kuambiwa "Chagua" na simu, kama mtumwa. Mwengine akajibu bibi yako hatapata chaguo la tano, ambalo ndilo la msaada, kwa sababu ya adabu yako. Ukumbi ukagawanyika. Nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kuona wanafunzi wa kompyuta wakigombana kwa ari hiyo juu ya neno moja, watu wamesimama, sambusa zinapoa, hakuna anayezitazama. Mgeni wangu kakaa kitako juu ya meza anasikiliza.

Mwisho yule binti akaenda ubaoni mwenyewe, akafuta maneno yote ya juu, akaandika "Karibu." kisha namba moja kwa moja. Herufi 7 na nukta yake. Bibi kaheshimiwa na chaguo la tano likaingia.

Binti wa Majengo

Maalim, shikamoo. Huyo binti namjua. Ndiye yule dada wa mwaka wa nne aliyesema nyuma yangu.

Dawati la Mbele

Marahaba mwanangu. Basi salamu zangu umfikishie. Mwambie ile "Karibu" yake nilikataa isifutwe ubaoni wiki nzima, mpaka mwalimu wa hesabu akanilalamikia.

Mwana wa Kibokoni

Maalim shikamoo. Kumbe sambusa zilikuwa za mfukoni mwako, na mimi nimetangaza hapo juu kwamba nilikula nne. Nisamehe.

Dawati la Mbele

Marahaba. Nilikuwa nakuona. Zilikuwa tano.

Kiti cha Nyuma

Hizi semina bado zipo? Nataka kumpeleka mdogo wangu.

Dawati la Mbele

Zipo. Jumatano hiyo hiyo, saa nane.

Maji Mafu

Saa nane ya mchana, jamani. Nimeandika kwa neno zima.