Watoto wa Kibosho: sola ya kupanda nayo mlimani

Upendo: Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote humu. Nimeshalipia jamani, mwezi wa 9 naingia mlimani Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, siku 8, tupo wadada watano wa ofisini. Sasa naomba ushauri kabla sijatuma hela. Nimeona hii pawabenki ya sola, ina kapaneli mgongoni na tochi pembeni, imeandikwa 50,000 mAh, yaani ujazo wa betri, na ni elfu 45 tu. Muuzaji anasema unaining'iniza kwenye begi unatembea zako inajichaji yenyewe

Upendo: 📷 Picha

Mama: Marahaba mwanangu. Mungu awatangulie. Mimi ninachotaka ni kusikia sauti yako kila jioni basi

Shangazi Rose: Hongera Upe!! Ichukue hiyo, mimi ninayo ya hivyo hapa shamba mwaka wa pili na tochi yake inawaka vizuri

Elia: Usitume hela mdogo wangu. Nimeshuka leo na wageni niko geti la Mweka, nikifika nyumbani naandika

Neema: Juma yupo hapa pembeni kaona picha anatikisa kichwa 😅 ngoja nimpe simu aandike mwenyewe

Juma shemeji: Shikamoo mama. Shemeji hebu nitajie uzito wake, wameandika gramu ngapi?

Upendo: Gramu 260

Juma shemeji: Basi hapo tumeshamaliza. Pawabenki ya ukweli ya 10,000 mAh inacheza kwenye gramu 200 na kidogo, betri ni mzigo haina ujanja. Ya 50,000 ingekaribia kilo nzima. Hiyo ndani yake ina kama 10,000 na maandishi ya nje ni rangi tu. Na hata kama ingekuwa kweli usingepanda nayo ndege kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, 50,000 zidisha kwa volti 3.7 unapata wati-saa 185, na ndege wanaruhusu mpaka 100 bila kuomba, kati ya 100 na 160 mpaka shirika likubali, zaidi ya hapo inabaki. Vitu ninavyoletewa sana kwenye banda langu Tandika ni hivi hivi, nimefungua vingi

Upendo: Duh. Sawa tuseme ina 10,000. Si jua linaijaza kila siku?

Juma shemeji: Hako kapaneli ni saizi ya simu, kakipigwa na jua kali kweli kweli kanatoa wati moja au moja na nusu. Betri ya 10,000 ni wati-saa 37. Gawanya mwenyewe shemeji. Masaa 25 ya jua la saa sita mchana bila wingu, bila kivuli, bila chochote kupotea njiani. Kwa siku ukibahatika unapata masaa matano ya jua la hivyo, kwa hiyo siku tano kujaza mara moja, wakati simu yako unaitumia kila siku

Shangazi Rose: Mbona yangu inajaa?

Juma shemeji: Shikamoo shangazi. Unaichomekaga ukutani?

Shangazi Rose: Marahaba baba. Ndio umeme ukiwepo naichomeka

Juma shemeji: Basi ni umeme wa ukutani ndio unaijaza shangazi. Kwa nyumbani ni nzuri tu, endelea nayo. Tatizo ni kule ambako ukuta haupo

Elia: Nimefika. Shikamoo mama, shikamoo shangazi. Juma kaongea yote ya betri mimi naongezea ya mlimani maana hayo huwezi kuyaona ukiwa dukani. Kwanza kule Lemosho ni hema mwanzo mwisho, sio kama njia ya Marangu wanakolala vibandani na kuna taa za sola. Pili hilo la kuning'iniza begini, sikiliza, mkishatoka kambi ya kwanza ya Mti Mkubwa mnavuka uwanda wa Shira mnaelekea mashariki, na mnatembea asubuhi, yaani jua liko mbele ya uso wako na begi liko nyuma, kwa hiyo paneli yako masaa yote yale mazuri iko kwenye kivuli cha mwili wako mwenyewe. Saa sita jua linakuja utosini, sisi huku tuko karibu na ikweta, paneli iliyosimama wima mgongoni jua linaiparuza tu halilali juu yake. Na mchana ukishaingia ukungu unapanda kutoka msituni unafunika. Nimeona wageni wengi wamebeba hizo zinaning'inia siku nane na zinashuka tupu

Upendo: Kaka mbona umenivunja moyo 😩 kwa hiyo sola haifai kabisa?

Elia: Inafaa sana, ila sio hiyo na sio hivyo. Sola ya mlimani ni paneli ya kukunja, ile inafunguka kurasa tatu nne kama kitabu, wati 20 mpaka 28, haina betri ndani. Unaitandaza kambini unaiacha imelala chali, yaani uso juu, mawe madogo kwenye pembe upepo usiibebe. Betri yako inakuwa kando, kwenye kivuli. Ndio maana mimi nasema nunua betri kwanza, paneli baadaye, watu wanafanya kinyume

Neema: Mimi nauliza kwa faida ya wengine, kwa nini asichomeke simu moja kwa moja kwenye paneli? Betri ya katikati ya nini

Elia: Wingu likipita umeme unakatika, likiondoka unarudi, simu nyingi zikikatiwa hivyo mara mbili tatu zinagoma kuanza tena au zinabaki zinawaka kioo na kumaliza hata ulichokuwa nacho. Betri ni mvumilivu inapokea kinachokuja. Halafu joto, kuna mgeni mmoja aliweka simu kwenye mfuko wa nyuma ya paneli pale Shira 2, jua la urefu ule ni kali mno ingawa hewa ni ya baridi, simu ikachemka ikaandika maneno ya kukataa chaji. Jioni hana simu na siku ilikuwa nyeupe bila wingu hata moja

Mama: Elia huyo mtoto anahitaji nini basi mwambie anunue. Mimi mlima nauona hapa mlangoni kila asubuhi lakini akiwa juu sitamuona

Elia: Mama usijali. Upendo hesabu zako ni hizi, simu yako ina betri ngapi?

Upendo: 5,000

Elia: Mchana kutwa iweke flaiti modi, unapiga picha tu. Simu ikiwa inatafuta mtandao kwenye mabonde inakula chaji kuliko hata picha. Ukifanya hivyo kwa siku unatumia kama asilimia 40 pamoja na kuongea na mama jioni. Siku 8 ni kama chaji tatu na kitu. Moja unapanda nayo imejaa, bado mbili na kitu

Juma shemeji: Na pawabenki ya 20,000 ni wati-saa 74, ukitoa kinachopotea kwenye kubadilisha volti na kwenye joto unabaki na kama 48, simu ya 5,000 ni kama 19, kwa hiyo unapata chaji mbili na nusu. Inatosha kwa shida. Chagua iliyoandikwa Wh, yaani wati-saa, ubavuni, anayejaribu kudanganya mara nyingi hiyo haandiki

Neema: Kwa hiyo mtu mmoja siku 8 hahitaji sola hata kidogo!

Elia: Mmoja mwenye nidhamu, ndio, hahitaji, na mimi siwezi kumuuzia maneno. Lakini wao ni watano, kuna mwenye kamera, kuna atakayesahau flaiti modi, kuna tochi za kichwani za kuchaji na usiku wa kileleni tochi ikizima ni hatari. Hapo paneli MOJA ya watu wote ina maana. Kila mtu na pawabenki yake, paneli moja ya kundi, mnapokezana

Upendo: Hapo nimeelewa. Na tuitandaze wapi maana unasema mchana ukungu

Elia: Mti Mkubwa isahau, ni msitu, nyani wapo na jua halipo. Shira 1 na Shira 2 ndio visima vyenu, kule ni wazi, tandaza asubuhi jua likitoka wakati mnakunywa chai na tena mkifika kama bado kweupe. Barranco asubuhi msijisumbue, ule ukuta wa mwamba uko mashariki ya kambi jua linachelewa sana kufika kwenye hema. Karanga mnafika mapema, kutoka Barranco ni masaa manne au matano, kukiwa wazi tandaza hapo hapo maana ndio nafasi ya mwisho. Kambi ya Barafu ni kulala kidogo na kuondoka saa sita usiku kwenda kileleni, hakuna sola

Upendo: Sasa nani anaibeba, wapagazi?

Elia: Hapa naomba unisikilize vizuri. Mpagazi mzigo wake mwisho kilo 20 na unapimwa getini. Mimi nimebeba miaka mingi kabla sijaanza kuongoza, ile kilo moja ya mwisho ndio unaisikia shingoni. Paneli ni nusu kilo mpaka kilo. Ibebeni nyie kwenye mabegi yenu mkipokezana, na kama mnataka aliyetangulia kambini aitandaze kabla hamjafika, mwombeni kwa heshima na iingie kwenye mizani kama kitu kingine. Msiichomeke juu ya furushi la mtu mkishatoka getini

Upendo: Nimekusikia kaka. Haitatokea

Mama: Vizuri Elia

Elia: Na baridi. Barafu ni mita 4,673, usiku maji yanaganda kwenye chupa. Betri ikipoa inaonyesha imeisha wakati haijaisha, simu ina asilimia 35 inazima ghafla na wewe uko unakaribia kilele cha Uhuru. Usiku lala na simu na pawabenki ndani ya slipingi begi, za kileleni ziwe mfuko wa ndani kabisa karibu na ngozi, sio mfuko wa koti la nje. Na pawabenki ikiwa imeganda usiichomeke kwenye jua asubuhi hapo hapo, ipashe moto mwilini kwanza, kuchaji betri ikiwa chini ya sifuri kunaiharibu moja kwa moja

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Neema: Mama anauliza mtandao upo au haupo, asije akakaa na simu mkononi usiku kucha

Elia: Mama mtandao upo sehemu nyingi ila unachagua jiwe la kusimama. Tangu 2022 serikali ilipeleka intaneti mpaka Horombo halafu na kileleni, lakini Horombo iko njia ya Marangu, Lemosho ni bahati ya kambi. Tukubaliane saa 12 jioni Upendo anawasha simu dakika kumi. Siku ikipita kimya ujue ni bonde, sio shida. Mimi namfahamu kiongozi wao nitakuwa naulizia

Mama: Sawa. Saa 12

*Jumamosi*

Juma shemeji: Shemeji kaniletea paneli ya kukunja, imeandikwa wati 28. Nimeitandaza juu ya bati saa saba mchana na mita ya USB: volti 5.1, ampia 2.5. Yaani wati 12 na robo tatu, kama 13. Msishtuke, hizi zinapimwa kwenye taa za kiwandani, nusu ya kilichoandikwa sio mbaya. Masaa matatu safi pale Shira ni karibu nusu ya pawabenki moja. Halafu nikaweka kiganja kwenye kona ya kurasa moja, ikashuka mpaka ampia 0.6. Kona moja tu! Kwa hiyo kamba ya hema au soksi mliyoanika isiikatize hata kidogo

Upendo: Asante sana shemeji. Pawabenki tumenunua zote tano za 20,000, Wh 74 imeandikwa, tumepima kwenye mizani ya duka la nafaka gramu 410 😊

Elia: Hapo mmenunua betri

Upendo: Kaka tumeongea na wenzangu, tukishuka Mweka hatuna kazi na paneli mjini. Tunataka tuwaachie wapagazi. Itawafaa?

Elia: Sana mdogo wangu. Sisi tunapanda mara mbili tatu kwa mwezi na simu zetu zinazima siku ya tatu, nyumbani hawajui uko hai au vipi. Mpeni mkuu wa wapagazi mbele ya wote ijulikane ni ya kundi. Tena msingoje mwisho, simu zenu zikijaa waachieni nusu saa wachaji

Upendo: Tutafanya hivyo. Kebo zao za aina gani? Zetu zote ni hizi mpya za mdomo wa mviringo

Elia: Wengi bado wana simu za kitochi, mdomo ule mdogo wa zamani. Bebeni mbili za hivyo

Juma shemeji: Ninazo bandani, nampa Neema kesho

Mama: Na soksi za sufu umenunua?