Mjadala: Afrika ijenge sinkrotroni, au fedha ziende kwenye dawa za presha?

Wakuu, kila sinkrotroni ya Afrika inapotajwa, wapo wanaouliza: zahanati hazina dawa za presha, tuchangie vipi mtambo wa kuzungusha elektroni ili zitoe eksirei kali? Hoja ina uzito. Ila mimi nasema tujenge, na ushahidi wangu ni dawa hizohizo za presha.

Lisinoprili, mojawapo ya dawa hizo, hukiziba kimeng'enya cha mwilini kiitwacho ACE, kinachozalisha homoni ya kubana mishipa. Mwaka 2003 watafiti wa Bath, Uingereza, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha umbo la ACE ya binadamu ikiwa imeshikana na dawa hiyo. Haikuwa kazi ndogo. Protini ile imevaa minyororo ya sukari, hivyo molekuli hazijipangi na fuwele hazitoki, na bila fuwele za kumulikwa kwa eksirei kali umbo halionekani. Ikabidi izalishwe kwenye seli za hamsta zilizotiwa kemikali ya kudhibiti sukari hizo. Ndipo ikaonekana lisinoprili imezama ndani kabisa ya mfereji wa kimeng'enya hicho, imeng'ang'ania zinki iliyomo.

Mtaniambia kaptoprili, dawa nyingine ya kuziba ACE, iliingia sokoni 1981 bila umbo hilo. Kweli, waliibuni kwa kuangalia kimeng'enya kingine cha ng'ombe. Lakini hawakujua ACE ina sehemu mbili. Moja ndiyo hasa inayopandisha presha, ila zote mbili huvunja bradikinini, kemikali ya mwilini inayolegeza mishipa. Dawa tulizonazo zinaziba zote, bradikinini inajaa, mgonjwa anabaki na kikohozi kikavu. Wachache huvimba midomo na ulimi hadi pumzi kukata, na uvimbe huo huwapata zaidi watu weusi. Cape Town wanatafuta dawa ya kuziba sehemu moja tu. Nani mwingine ana haraka nayo kama sisi?

Hata hivyo hakuna sinkrotroni hata moja barani. Mtafiti wetu hupeleka fuwele zake kwa watu na kupanga foleni ya zamu. Wenzetu wa Mashariki ya Kati walichangishana: sinkrotroni yao, SESAME ya Jordan, ilizinduliwa 2017, na ndani yake wamo Misri, Uturuki, Iran, Israel na Pakistan, nchi ambazo nyingine hata hazisalimiani.

Kinachonipa shaka kuliko bei ni umeme na mafundi, maana mtambo huu hauvumilii kukatikakatika. Wenye uzoefu wa hilo, karibuni mnipinge.