Naomba ushauri: je, mtafsiri anaruhusiwa kuongeza maneno mwishoni mwa hadithi?

Mwalimu_Bukavu:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimetafsiri kutoka Kifaransa hadithi fupi ya Voltaire iitwayo Micromégas, iliyochapishwa mwaka 1752, ambamo jitu kutoka nyota ya Sirius na mwenzake wa Zohali wanafika duniani na kuzungumza na wanadamu, ambao wageni hao hawawaoni mpaka watumie almasi kama lenzi. Mwisho wake unaninyima usingizi. Je, mtafsiri anaweza kuongeza kidogo pale ambapo msomaji wetu hataridhika?

Jicho_la_Anga:
Mimi ninafundisha fizikia, na ningependa kwanza kujua umevifanyia nini vipimo. Jitu la Sirius lina urefu wa futi 120,000 za Kifaransa cha zamani, yaani kilomita zipatazo 39. Tena mwandishi aliipa sayari ya Mirihi miezi miwili ya kuizunguka, nayo haikuonekana kwa darubini hadi mwaka 1877. Nilipolisimulia jambo hilo darasani, kijana aliyezoea kusinzia katika kila kipindi ndiye aliyekuja kuniuliza darubini hupatikana wapi.

Bibi_Kamusi:
Mwalimu, hiyo "kidogo" ni kiasi gani? Tafadhali usitufiche.

Mwalimu_Bukavu:
Ni kurasa tatu. Katika hadithi, jitu linawaahidi wanafalsafa kitabu kitakachowaonyesha hatima ya mambo yote, lakini kinapofikishwa katika Akademia ya Sayansi ya Paris, katibu mzee anakifungua na kukuta kurasa tupu. Nilipowasomea wanafunzi wangu, waliniuliza kama nimepoteza karatasi. Basi nikayaandika mwenyewe yale ambayo jitu lingeyaandika, na mswada uko kwa mchapaji tangu Jumatatu. Sioni kosa langu, kwa kuwa hata wasimulizi wetu huongeza.

Mzee_wa_Pangani:
Mwanangu, msimulizi huongeza huku hadhira ikimtazama usoni, lakini wewe umeyaweka maneno yako chini ya jina la marehemu asiyeweza kukukana. Marehemu baba yangu aliwaandikia barua watu wasiojua kusoma, na hakuongeza hata salamu moja ambayo hakuagizwa. Amana ni amana.

Mchunguzi:
Mniwie radhi, lakini naitilia shaka habari hii yote. Mwanzoni hapakuwa na darasa wala mchapaji, na sasa vyote viwili vimejitokeza baada ya swali moja tu. Huenda huyu ni mwanafunzi anayetaka tumchambulie hadithi. Kama kweli umeitafsiri, tuambie wageni hao walifika wapi, na lini.

Mwalimu_Bukavu:
Walifika ufukwe wa kaskazini wa Bahari ya Baltiki, tarehe 5 Julai 1737, na wakakuta merikebu ya wanafalsafa waliokuwa wakirudi kutoka pande za Aktiki. Safari hiyo ilikuwapo kweli: mwanasayansi Mfaransa Maupertuis na wenzake walikuwa wamekwenda Laplandi kupima umbo la dunia. Sikumtaja mchapaji kwa sababu niliona aibu.

Bibi_Kamusi:
Huyu ameisoma. Sasa rudi, mwalimu, kurasa chache nyuma. Wanafalsafa wale wanapima urefu wa jitu bila kukosea, lakini wanapoulizwa roho ni nini, kila mmoja ana jibu lake, na yule mwenye kofia ya pembe nne anadai kwamba jua, nyota na majitu yenyewe yameumbwa kwa ajili ya binadamu, ndipo wageni wanapoangua kicheko. Kurasa tupu zinawajibu watu hao. Ukizijaza, umekwenda kukaa upande wa mwenye kofia.

Mwalimu_Bukavu:
Dada, hilo sikuliona, nami nimeishi na hadithi hii mwaka mzima. Nitampigia mchapaji asubuhi aziondoe kurasa zangu tatu. Ila nisaidieni sentensi ya mwisho, ile ambayo katibu anaitamka baada ya kukifungua kitabu. Nimeandika "Nilitarajia hivyo", lakini naiona imepooza.

Mchunguzi:
Naondoa shaka yangu, mwalimu. Andika: "Aa! Nilikwisha kushuku." Usiongeze neno.