Mtoto kapasuliwa figo, altrasaundi bado inaonyesha maji

Baba Masasi: Wakuu habari za jioni. Mwanangu wa kiume, miaka mitatu, figo ya kushoto ilijaa maji, njia imebana pale figo inapoungana na mrija wa mkojo. Kafanyiwa upasuaji Dar mwezi wa tatu, na ule mpira wa ndani wa kupitisha mkojo walishautoa. Juzi tumempima tena huku Mtwara: upana wa pale palipojaa maji 21 mm. Kabla ya upasuaji ulikuwa 34. Aliyempima kanipa karatasi tu, hata neno. Mtoto hana homa, anacheza mpira. Ila mama yake halali. Tupande basi la Dar, au tusubiri kliniki ya Novemba? Minada ya korosho bado, mnaelewa.

Kusi: Pole mkuu. Ila 34 mpaka 21 si imeshuka?

Tabibu wa Mizizi: Ipo dawa ya kusafisha figo, siku saba tu. Njoo inboksi.

Mama Twins: Wewe koma. Mtoto wa watu ana mshono.

Mpiga Picha Lindi: Niko kitengo cha mionzi. Figo iliyotanuka muda mrefu ni kama mpira wa kiuno wa bukta ya zamani, hairudi yote hata njia ikifunguka. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na wengine hubaki na utanuko kidogo maisha yote bila shida. Tunaangalia mwelekeo: upana unashuka au unapanda? Halafu unene wa nyama ya figo, huo wazazi wengi hawauulizi. Kibofu kilikuwa kimejaa? Kikijaa, figo huonekana imetanuka kuliko ilivyo. Jua pia altrasaundi inaonyesha umbo. Figo inachuja kiasi gani ni kipimo kingine, cha dawa ya mionzi, hicho mpaka Dar.

Baba Masasi: Nyama ilikuwa 4 mm, sasa 6. Kibofu… alikunywa juisi mbili tukiwa foleni, akatoka pale anakimbilia chooni.

Mpiga Picha Lindi: Basi warudie akishakojoa, ikiwezekana mpimaji yuleyule. Ripoti zote mbili zipige picha umtumie daktari aliyempasua, yeye ndiye wa kuamua kama Novemba inafaa. Ila akipata homa, akitapika au akilalamika ubavu, usingoje jibu, siku hiyohiyo mpeleke hospitali ya Ligula hapo Mtwara.

Baba Masasi: Sawa kaka. Namtumia usiku huu.