Tupeane uzoefu: skafu za kufuma kwa kipupwe, vumbi na mvua, Tabora na Kigoma

Binti Cheyo, Tabora

Mwangaluka wadau. Nafuma tangu darasa la sita. Bibi alichomoa spoku mbili za baiskeli ya babu, akazisugua ncha kwenye jiwe la kunolea kisu, akanipa uzi mwekundu wa sweta la shule lililochakaa. Spoku ni nyembamba, kama milimita 2 hivi, kwa hiyo skafu yangu ya kwanza ilitoka imebana mpaka haikunjiki. Bibi aliivaa hivyo hivyo Juni nzima akienda kuteka maji alfajiri.

Huku wengi wanaamini skafu ni ya Juni na Julai tu. Kibaridi kikiisha inarudi sandukuni. Mimi navaa mwaka mzima, na nimeona kwamba tatizo ni uzi, skafu yenyewe haina kosa. Skafu ya sufu mwezi Oktoba, jua la Tabora likiwa utosini, ni mateso. Lakini ya uzi wa pamba, iliyofumwa kwa sindano nene za milimita 6 ili vitanzi vikae wazi, ndiyo najifunga mwezi huo huo kuzuia vumbi la barabarani. Inanyonya jasho, shingo haiwashi, ukiisuuza jioni asubuhi imekauka.

Kasoro ya pamba ni kuwa haivutiki ikarudi. Niliwahi kuianika kwenye kamba ikiwa inachuruzika maji, ikarefuka kwa uzito wake mpaka ikanifika magotini. Sasa naikamua ndani ya taulo kisha naitandaza mkekani, kivulini.

Nyie mnafuma nini, kwa msimu gani, na nini kiliwahi kuwaharibikia? Semeni kwa kirefu.

Mama Ujiji

Asante mwanangu kwa kulianzisha hili, nina jambo la kusema.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Wanaingia ziwani jioni, wanarudi kumepambazuka, na miezi ya kiangazi ule upepo wa Tanganyika usiku unapenya mpaka mifupani. Nikamfumia skafu ndefu ya sufu, yenye mashada miishoni, kazi ya wiki tatu. Usiku wa pili tu mashada yakanasa kwenye wavu wakati wanavuta. Mwenzake aliwahi kukata kwa kisu. Mume wangu alirudi na mstari mwekundu shingoni, akanikabidhi kile kipande kilichobaki bila kusema neno. Nilikaa nacho mapajani mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo mtu wa mtumbwini simfumii mashada, wala kitu kirefu. Namfumia cha kuzunguka shingo mara moja, kinafungwa kwa vifungo viwili mbele, ncha zinaingia ndani ya koti. Na vifungo navishonea kwa uzi mmoja mwembamba, makusudi kabisa: kikinaswa, kifungo kinyofoke, shingo ibaki salama. Uzi natumia akriliki, ule wa kiwandani unaofanana na sufu. Hauna joto kama sufu, lakini haubebi maji, na jua la asubuhi linaukausha haraka.

Dereva wa Gungu, Kigoma

Mama shikamoo. Maneno yako ningependa abiria wangu wote wayasome. Dada zetu wanapanda pikipiki na skafu au mtandio unapepea nyuma, na pale chini kuna mnyororo na spoku zinazunguka. Kabla sijaondoa chombo naomba kwanza ifungwe na ncha zikaliwe. Wengine wananikasirikia. Siondoki.

Fundi Nyuzi, Kasulu

Sisi wa huku juu, na wenzetu wa Manyovu, kipupwe tunakijua vizuri kuliko nyie wa ziwani. Uzi mpya wa sufu ni ghali na mara nyingi haupatikani, kwa hiyo mimi nafumua masweta ya mtumba. Sweta moja kubwa la kiume linanitolea skafu mbili, wakati mwingine na kofia ya mtoto.

Ila si kila sweta linafumuka. Ligeuze kabla ya kulipa, uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona limekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa ovaloki, ile mashine ya kuzungushia uzi ukingoni, liache, hata likiwa zuri vipi: kila mstari umekatwa ukingoni, utapata vipande vya uzi urefu wa mkono na kilio. Ukiona mshono wa mnyororo na kingo nzima zisizokatwa, chukua. Lile lililofuliwa kwa maji ya moto mpaka likashikamana kama blanketi nalo liache, nyuzi zake zimeshaumana.

Nikishafumua, uzi unakuwa na mawimbi kama nywele zilizosukwa. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne usivurugike, naloweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha naning'iniza na kitu kizito chini, jiwe dogo linatosha. Ukikauka umenyooka. Mkiruka hatua hii skafu inatoka na matuta, na hakuna sindano itakayowaokoa.

Binti Cheyo

Fundi, lebo ikiwa imekatwa, unajuaje kama ni sufu kweli?

Fundi Nyuzi, Kasulu

Nachoma kiuzi kidogo, mbali na sweta. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanapukutika ukiyabonyeza. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inaacha kijipira kigumu cheusi. Kiache kipoe kwanza, kinaunguza vidole.

Mwalimu wa Urambo

Hapo kwenye kuyeyuka ndipo niliposomea. Nilimfumia binti yangu skafu ya akriliki, mistari ya kijani na maziwa, akaivae shule ya bweni. Kingo zikawa zinajikunja kwa sababu nilifuma upande mmoja laini tupu. Nikachukua pasi ya mkaa nizinyooshe. Palipoguswa pakalala, pakang'aa, pakawa pembamba kama mfuko, na hapakurudi tena. Alisafiri bila skafu, na usiku ule treni ilikaa muda mrefu Nguruka. Bado nina uchungu nalo.

Siku hizi nachanganya: vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mpaka mwisho. Kingo zinatulia zenyewe, skafu inavutika na pasi haihitajiki. Na kwa mvua za Novemba hadi Aprili navaa sufu nyepesi, maana hata ikipata unyevu bado inatia joto.

Mama wa Kichanga, Kigoma

Naomba kuongeza la watoto. Ule uzi wa manyoya, laini unaovutia macho, msiwafumie wachanga. Wangu alikuwa mgongoni, kichwa kwenye skafu yangu, nikasikia anakohoa. Kumtoa, manyoya yamejaa ulimini. Nilimfutia kwa kidole na kitambaa kibichi, akalia, akatulia. Mgongoni sasa ni pamba tu, iliyosokotwa vizuri.

Binti Cheyo

Pole sana dada. Mama Ujiji, nina kaka Kibirizi anayeingia ziwani. Nipe vipimo vya kile cha vifungo nimuanzie kesho.

Mama Ujiji

Sindano za milimita 4, uzi wa unene wa kati. Anzisha vitanzi 40, fuma mbili mbele mbili nyuma kama alivyosema Mwalimu. Ikifika sentimita 60 mpime shingoni akiwa amevaa koti lake la kazini, maana shingo tupu itakudanganya. Acha matundu mawili ya vifungo kwenye mistari ya mwisho. Na uzi wa vifungo jaribu kuuvuta kwa mkono wako mwenyewe kabla hujampa. Usipokatika, badilisha.