Uwanja mmoja mkubwa, viwanja vidogo vya wilaya, au hela iende kwa watoto: wewe ungechagua nini?

Kocha_wa_Igoma
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa nikaona bora nilete huku. Tuseme serikali ina hela ya uwanja mmoja kama ule wa Arusha wa AFCON 2027, watu elfu 30 hivi, mkataba wake ulitajwa bilioni 286. Machaguo matatu. Moja, unajenga huo huo. Pili, unazigawa hizo hela halmashauri zijenge viwanja vidogo vya nyasi bandia, jukwaa moja, vyoo na taa, basi. Tatu, hujengi kitu, hela yote inaenda UMITASHUMTA na UMISSETA (michezo ya shule za msingi na sekondari), kozi za makocha, mipira na posho za marefa. Nafundisha watoto huku Mwanza kwa hiyo najua mtasema navutia kwangu, sawa. Ila msiniletee "vyote vitatu", hela ni hiyo moja.

MtotoWaTemeke
Uwanja mkubwa, tena bila kona kona. Nyie wengi hamjui tulivyokuwa tunabanana Shamba la Bibi, yaani uwanja wa Uhuru, ilipofunguliwa Lupaso, huu wa Mkapa, 2007 ndo tukajiona na sisi watu. Elfu 60 wanakaa. "Kwa Mkapa hatoki mtu" mnadhani ilitokea kwenye kiwanja cha vumbi? Timu ya Mwarabu inaingia pale anaona lile jukwaa linavyochemka miguu inakuwa mizito kabla hata filimbi haijapulizwa. Mtoto wa mtaani akiona vile ndo anataka kuwa mchezaji, hatamani kozi ya kocha.

Bibi_Jukwaani
@MtotoWaTemeke hatoki mtu lakini Mei 2025 tulitoka wenyewe 😂 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Simba na Berkane ya Morocco marudiano yalichezwa wapi? Amaan, Zanzibar. Kwa Mkapa pichi ilikataliwa na CAF, wakubwa wa soka Afrika. Uwanja wa elfu 60 tunao ila siku ya fainali hauchezeki, mnataka na mwingine.

MtotoWaTemeke
Ile ilikuwa mvua bibi yangu

Bibi_Jukwaani
Mvua Zanzibar hainyeshi?

Meru_View
Mimi niko Arusha kwa hiyo uwanja ule sijahadithiwa. Naupenda, siwezi kuficha. Wageni watakuja, gesti zitajaa, vijana wamepata vibarua. Ila nikikaa peke yangu najiuliza AFCON ikiisha pale atacheza nani? Tangu JKT Oljoro ishuke tumekaa miaka na miaka bila timu yetu Ligi Kuu, ikafika mahali Coastal Union ya Tanga ndo ikawa inakuja Sheikh Amri Abeid kucheza "nyumbani" na sisi tukawa tunaenda kushangilia timu ya baharini huku tumevaa masweta. Jamaa wa Manaus kule Brazil walijengewa uwanja wa watu zaidi ya elfu 40 kwa ajili ya Kombe la Dunia 2014, wakapata mechi nne za mashindano, baada ya hapo timu zao za ligi za chini mara nyingi zinachezea humo mbele ya viti vitupu. Uwanja hauzai timu. Kwa hiyo mimi namba mbili, ingawa wa kwetu ushajengwa na siku ya ufunguzi nitakuwepo nimepaka rangi usoni.

Otis_Eastlando
Wasee wa Bongo nyinyi mnalia na bilioni zenu, kujeni muone huku. Stadi mpya ya Talanta pale Ngong Road, Nairobi, ni ya watu elfu 60, na ile pesa hatukuwa nayo, ilikopwa kwa bondi. Bilioni 44.79 za Kenya, miaka 15, riba iko juu kidogo ya asilimia 15. Sasa sikia utamu wake, bondi yenyewe inalipwa kutoka kwa ile hazina ya michezo, ile inajazwa na kodi ya kubet. Hiyo hazina tuliambiwa ni ya kuinua vipaji mashinani! Kwa hivyo kijana wa Kayole anabet, anachomeka, kodi inakatwa, inaenda kulipa viti na yeye bado anacheza ball kwa mawe. Hiyo option yako ya kwanza si ati inashindana na ya tatu, inaikula.

Na msidhani ni wivu, Talanta ni kitu safi na hata mimi nitaingia. Lakini tumeshaahidiwa stadi hapa mpaka tukachoka, 2013 tuliambiwa tano za kimataifa, 2017 CAF wakatunyang'anya CHAN ya 2018, ile kombe ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa sababu hakuna kilichokuwa tayari. Huo wakati wote nani alikuwa anatoa wachezaji? MYSA, chama cha michezo cha vijana pale Mathare, tangu 1987. Watoto walikuwa wanaokota takataka mtaani na timu inapewa pointi za ligi kwa kusafisha. Hapo ndo ilitoka Mathare United, 2008 wakabeba ligi kuu nzima. Dennis Oliech, straika wa Harambee Stars, alipitia hiyo timu akaishia Ufaransa. Walianza na uwanja gani? Hakuna. Mimi ni tatu.

Kitabu_na_Mpira
Nachomekea mfano wa Iceland, wengi wanautaja bila kuuelewa. Wale watu hawafiki hata laki nne, Kinondoni inawameza bila kusikia shibe. Uwanja wao wa taifa haufiki watu elfu 10. Wamemtoa Uingereza Euro 2016 na wakaenda Kombe la Dunia 2018. Hela ya umma waliiweka wapi? Halmashauri zao zilijenga mahema na majengo ya ndani yenye nyasi bandia, maana nje baridi, na viwanja vidogo karibu na shule, halafu wakasomesha makocha kwa leseni za UEFA hadi wale wa watoto wa miaka sita. Kwa hiyo ni mbili na tatu kwa pamoja (samahani kocha najua ulikataza). Kiwanja bila kocha watoto watacheza chandimu tu, na kocha bila kiwanja ni mzee mwenye filimbi.

Kocha_wa_Igoma
@Kitabu_na_Mpira umenitukana au umenisifu 😂

Sent_Louis_Mbongo
Niko huku Marekani, St. Louis. Hapa Aprili 2017 wananchi walipigishwa kura kama jiji litoe dola milioni 60 kusaidia uwanja wa soka, wakakataa. Watu wakasema basi soka imekufa. Haikufa, tajiri wa mjini akaingiza hela zake na timu ikaanza MLS, ligi kuu ya huku, 2023 kwenye uwanja mpya kabisa, unajaa. Mwenye biashara akijua serikali haitoi anatoa mwenyewe. Huko nyumbani si Azam walijenga Chamazi kwa hela yao?

Bibi_Jukwaani
Azam mmoja. Nitajie wa pili.

Dalali_wa_Mwenge
Mbona hamuitaji KMC Complex? Uwanja wa manispaa, hapa Mwenge, mdogo tu, na Simba waliutumia kama nyumbani msimu wa 2024/25. Jioni napita naona shughuli. Kila msimu Bodi ya Ligi inafungia viwanja vya mikoani kwa pichi mbovu, na vingi ni vya CCM, vilijengwa enzi za chama kimoja kwa michango ya wananchi, sasa ukiuliza nani anunue mbolea ya nyasi kila mtu anatazama juu. Mimi swali langu sio ukubwa, ni nani ana ufunguo wa geti na nani analipa bili ya maji. Namba mbili, lakini hati iandikwe jina la halmashauri na siku tatu kwa wiki ziwe za watoto bure.

Na 2021 serikali ilitoa msamaha wa VAT kwenye nyasi bandia za viwanja vya majiji. Wilayani huku wakanyimwa, wakati kipaji ndo kiko huko.

Kocha_wa_Igoma
Dalali umenigusa penyewe. Sikutaka kusema mwanzoni nisionekane nimekuja kulia, ila kiwanja tulichokuwa tunafanyia mazoezi miaka tisa mwaka jana tulikuta vigingi vimechomekwa, mpaka kwenye boksi ya penati. Kiwanja kimegeuka viwanja. Vinauzwa. Watoto walidhani ni alama za mazoezi wakaanza kuvizunguka kwa kasi kama nilivyowafundisha na koni. Tumebaki na kipande kama robo, winga hana pa kukimbilia. Tukiuliza kila mtu anasema siyo yeye.

MtotoWaTemeke
Dah. Pole kocha. Hiyo nilikuwa siijui.

Dalali_wa_Mwenge
Kocha mnunuzi yeyote ameshaanza kujenga? Kama bado nenda ardhi halmashauri uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Kikisomeka eneo la wazi au la michezo hapo una pa kushikia, usiende peke yako, nenda na mwenyekiti wa mtaa na wazazi na muandike barua ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kocha_wa_Igoma
Mmoja kamwaga mchanga lori mbili. Watoto wanauchezea kuruka vichwa. Jumatatu naenda na wazazi.